Lafudhi ya Jabez

Miaka tisa Enoch Fairhurst alibeba sinia Hollywood. Si hotelini, kwenye sinema. Kila filamu yenye tajiri wa Kiingereza ilitaka mtumishi wa kusema, "Chakula tayari, bwana," na hakuna aliyeisema kama yeye, mdomo kaubana utadhani kameza limau. Sauti ile aliiokota kwa kinyozi mmoja wa Liverpool mwenye maringo. Kwao hasa ni Wigan, mji wa migodi katika jimbo la Lancashire, Uingereza, na baba yake, Jabez, alikufa akiwa mchimba makaa ya mawe.

Dada yake Hilda, aliyebaki Wigan, alishamwandikia: "Siendi tena kukutazama ukiwainamia watu. Baba hakuinamia kitu ila makaa. Mwacha asili ni mtumwa, na wewe hata mshahara wake unapokea. Siku ukicheza mtu wa kwetu, niite." Maneno hayo yalimchoma Enoch kuliko alivyotaka kukiri.

Basi mwaka 1938 ikaja filamu ya wachimba makaa wa Lancashire. Enoch akamganda mwongozaji, Mort Kessler, mzaliwa wa Nebraska, Marekani, mpaka akapewa kuigiza mzee mmoja wa mgodini. Akamwandikia Hilda siku hiyo hiyo. Kamera zilipowashwa, akafumbua kinywa na kutoa lafudhi ya Jabez nzima nzima, na masizi yake.

Kessler akasimamisha kazi. "Mzee, hiyo lugha gani?"

"Ya Wigan, bosi. Ndiko nilikozaliwa."

"Acha utani. Waingereza nawajua, nimetengeneza filamu zao kumi na moja."

"Na katika zote kumi na moja, Mwingereza alikuwa mimi."

"Sasa si ndiyo hiyo sauti ninayoitaka?"

Akaitwa mwalimu wa lafudhi, binti wa Pasadena, jirani na Hollywood, aje kumfundisha Enoch Kiingereza cha Waingereza. "Mimi nilijifunza kwa kukutazama wewe," binti akamwambia kwa heshima zote.

Enoch akasalimu amri. "Paa linaanguka, wenzangu," akatamka, kama anayewakaribisha mezani. Aibu ikamjaa. Kilichobaki chake ni mikono tu: kabla ya kushika koleo la kuzolea makaa akatemea viganja, akaligonga mara mbili kwenye kiatu, kama baba yake. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo, wala pale studio hakuna aliyetilia maanani.

Barua ya Hilda ilifika baada ya miezi minane. Enoch aliizungusha mkononi asubuhi nzima kabla ya kuifungua.

"Tulikwenda sinema mtaa mzima. Ulipofungua mdomo, watu walicheka mpaka Bi Tyldesley akadondosha meno ya bandia. Nikatamani kuingia chini ya kiti. Halafu ukatemea viganja, ukagonga koleo. Vicheko vikakatika. Mzee Tyldesley, aliyechimba na baba, akasimama, akavua kofia. 'Yule ni Jabez,' akasema.

"Jumamosi nimekwenda tena, mdogo wangu. Safari hii nimetia pamba masikioni."