Mpira Mfupi wa Breki

Shemeji, mume wa dada yangu, alinizaba kofi mbele ya wateja wangu. Nilikuwa nimemnyanyulia gari lake nyuma kwa springi ndefu, kama alivyotaka mwenyewe, lisigonge mawe ya njia ya machimboni. Nikamwambia asilichukue mpaka kesho, maana mpira wa breki za nyuma, ule unaopitisha mafuta, ulikuwa ule ule wa zamani, mfupi.

Akainama kuchungulia. "Mbona umelegea? Fundi gani wewe, mwongo!"

Ulilegea kwa sababu magurudumu yote yalikuwa yamekanyaga chini. Gurudumu likining'inia shimoni, ekseli inashuka zaidi ya zamani, na mpira unavutika hadi kukatika. Nilifungua mdomo kumweleza, ndipo kofi likatua. Basi, nikameza maneno. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na guu lake nililitaka livunjike vipande vipande. Nikamtupia funguo kifuani.

Akaondoka kwa kishindo. Getini akasimama, dada yangu akapanda.

Nikapiga kelele, wapi! Nikanyakua spana ya magurudumu, nikashika njia ya mkato, nikikanyaga miiba bila kuihisi, hadi kwenye mfereji ulio juu ya mteremko wa machimbo. Gari lilikuwa linavuka mshazari, gurudumu moja la nyuma likining'inia hewani. Nikakipiga kioo cha mbele kwa nguvu zangu zote. Vipande vikamrukia shemeji usoni, mguu ukamtoka kwenye klachi, injini ikazima.

Alishuka na damu kwenye nyusi. Akanipiga ngumi, nikamrudishia, akanibwaga kwenye mawe na kunikanyaga mbavu mpaka nikazisikia zinalia. Nikatema jino. Nikiwa pale chini niliona uvunguni mwa gari, nikanyoosha kidole.

Mpira ulikuwa umekatika, mafuta ya breki yanachuruzika juu ya mawe. Hatua chache mbele ulianza mteremko, na chini yake mashimo.

Shemeji akakaa chini. Dada akaiokota spana. Nikadhani ni zamu ya mumewe, na roho yangu ikafurahi.

Akanigeukia mimi. "Ulijua?"

"Nilijua, dada. Lakini sikujua kama na wewe utapanda."

"Na yeye je? Baba wa wanangu?"

Spana ilinishukia kwenye mkono wa kulia, huu ninaofungia nati.