Mkono wa Kulia

"Hebu msikie huyu," Bwana Chaji alisema, akaongeza sauti ya simu kana kwamba maandishi yangesomeka vizuri zaidi kwa kelele. "'Umetisha, dada! Mtego wa darajani umenimaliza!' Na huyu: 'Mchezo huu ukitoka, nauza kitanda.' Atalala wapi, hajasema."

Fundi hakucheka. Mguu wake ulikandamiza pedali, na cherehani ikalalama kama paka aliyekanyagwa mkia. Sare za wauguzi zilikuwa zimerundikana pembeni, nyeupe, zikisubiri mikono na kola. Bwana Chaji, fundi simu mwenye meza mlangoni pa duka la Fundi, alikuwa ameacha simu za watu zimefunguka matumbo tangu asubuhi. Alikuwa na kazi moja tu: kusoma maoni.

Mtaa mzima ulikuwa na kazi hiyo. Waundaji wa Ngome Tisa, mchezo wa kompyuta wa vita na mipango ambao ulikuwa haujatoka, walikuwa wamewaalika wachezaji wachache kuuonja kabla ya wengine, kila mmoja aonyeshe kwa video alichokiona. Miongoni mwa walioalikwa alikuwemo Kitinda, mdogo wake Fundi. Tumbo moja, ziwa moja.

Na kompyuta moja. Hilo mashabiki hawakulijua.

Kompyuta hiyo ilikuwa nyuma ya pazia la chumba cha kupimia nguo, imepasuka kioo kwenye kona. Toleo la zamani la mchezo huo, lile la kwanza, walijifunzia hapo, vigoda viwili mbele ya meza moja. Kitinda alikaa kushoto na kibodi: yeye alijenga maghala, akainua kuta, akalisha askari. Fundi alikaa kulia na kipanya: yeye aliyapeleka majeshi. Kitinda akishamaliza kujenga alisema, "Haya, dada," na Fundi akaingia vitani. Walishinda hivyo, wakajulikana hivyo, kwa jina moja la mchezoni ambalo wachezaji wa mbali walidhani ni la mtu mmoja.

Basi mwaliko ulipokuja, ulimtaka mtu mmoja.

"Nenda wewe," Fundi alisema siku ile, pini zikiwa mdomoni. "Mimi nina sare."

Alisema nenda ili abembelezwe. Kitinda akafunga begi.

"Njoo uone hapa," Bwana Chaji aliita. "Hapa ndipo ninapompendea. Adui wamefika darajani, wanajazana, wanajazana. Mtu mwingine angekurupuka. Yeye katulia tuli! Kishale kimesimama. Halafu, puu! Daraja lote limekwenda na maji. Wameshaupa jina, wanauita Subira ya Kitinda. Kichwa hicho, mama, si cha kubebea maji."

"Kichwa gani."

"Eh! Si mdogo wako? Furahi basi. Au ndiyo kile kijiba cha roho?"

"Rudi kwenye simu zako."

Bwana Chaji akarudi, akicheka. Fundi alibaki na kitambaa mkononi na kitu kama mwiba wa samaki kooni. Subira! Kitinda, ambaye hakuweza kusubiri chai ipoe! Yeye Fundi ndiye aliyevusha majeshi kwenye mito yote ile. Sasa watu wasiomjua walikuwa wanauvika sifa mkono wa mtu mwingine, tena mkono ambao haukufanya lolote.

Akaichukua simu yake. Akajipa jina la Mpita Njia, akaandika: *Huo si mtego. Mkono wake wa kulia haujui kazi. Amezoea kushikiwa kipanya. Achezeshwe mubashara mwone.*

Akaituma, akapiga pasi kola. Pasi ilikuwa ya moto, na yeye alikuwa mtulivu, mtulivu kama mtu aliyekwisha kutema.

Kola hazijapoa, moto ulikuwa umeshika kwingine. "Lo!" Bwana Chaji alipiga paja. "Wamemgeuka. 'Hata mimi niliona anasitasita.' 'Kumbe bahati tu.' 'Mubashara! Mubashara!' Na waundaji wenyewe wamejibu, wamesema sawa, leo alasiri Kitinda acheze mbele ya watu wote." Akashusha simu. Kwa mara ya kwanza siku ile hakuwa anacheka. "Na walikuwa wanafikiria kumwajiri, unajua? Autangaze mchezo mpaka utoke. Wakimcheka leo, basi tena. Huyu Mpita Njia, sijui kala nini."

Utamu ulimjia Fundi ulimini, halafu ukamtoka haraka kuliko ulivyokuja. Akainua sare aliyoishona asubuhi, akaikung'uta, akaiangalia kwenye mwanga. Ilikuwa na mikono miwili ya kushoto. Mmoja ulikaa vizuri. Wa pili ulikuwa umejipinda kifuani kama mtu anayeficha kitu.

Akatoa wembe, akaanza kufumua. Kufumua hakuhitaji macho yote, kwa hiyo akaisimamisha simu kwenye kikopo cha vifungo, akaifungua video, bila sauti. Alitaka kuiona ile subira tena, aidharau vizuri.

Uso wa Kitinda ulikuwa kwenye kisanduku kidogo pembeni mwa kioo. Maghala yakajengwa, upesi, kwa mpango. Kuta zikasimama. Adui wakafika darajani. Kitinda akatoa vidole kwenye kibodi, kama siku zote, akageuza uso upande wa kulia, pasipokuwa na mtu. Midomo ikacheza.

Fundi akasimamisha wembe. Akairudisha video nyuma. Midomo ikacheza tena, maneno mawili. Hakuhitaji sauti.

"Shikamoo, dada."

Kitinda alikuwa mlangoni, kompyuta mpakato ya waundaji kwapani, macho mekundu. Bwana Chaji aliwatazama, akakumbuka ghafla kwamba ana simu za kutengeneza.

"Marahaba. Umekula?"

"Sina njaa." Kitinda alipita moja kwa moja hadi nyuma ya pazia. Fundi akamfuata na sare mkononi. "Kwangu umeme umekatika. Nitachezea hapa."

"Chezea."

"Umeyaona maoni?"

"Watu wana maneno," Fundi alisema.

"Hayo si maneno ya watu. Hayo ni maneno ya nyumbani."

Nje, bisibisi ya Bwana Chaji ilikwaruza kitu, ikanyamaza. Fundi aliuzungusha mkono wa sare vidoleni.

"Nifute?"

"Ufute nini, na ni kweli?" Kitinda alifungua kompyuta kwa nguvu. "Sijui kushika kipanya. Pale darajani niliganda, dada. Wao wenyewe ndio waliolielemea daraja. Nimekaa siku nzima nasifiwa kwa kuganda!"

"Ungeniambia twende wote."

"Ulisema nenda."

"Ungenibembeleza!"

"Nikubembeleze?" Kitinda aligeuka. "Wewe ambaye kila tukishinda, wateja waliochungulia humu walikuwa wanakupiga bega wewe? 'Fundi kavusha jeshi! Fundi kateka ngome!' Nani aliwahi kusema ghala la Kitinda? Mara moja tu nilitaka waone kuta zangu. Mara moja. Na wakaona nini? Wakaona daraja."

Miaka yote hiyo Fundi alikuwa amekaa kulia, na hakuwahi kutazama kushoto.

Kengele ndogo ililia kwenye kompyuta. Waundaji walikuwa tayari. Chini ya kioo maoni yalikuwa yamekwisha kuanza kumiminika: *Tupo. Tuone huo mkono.* Kitinda akajifuta uso kwa kiganja, akaielekeza kamera kwenye kidevu chake. Ilikuwa kamera finyu, ya uso mmoja na ukingo wa meza. Akaweka kipanya mbali upande wa kulia, mbali kuliko mkono wake ulivyoweza kufika bila kujinyoosha.

Kigoda cha pili kilikuwa kimebebeshwa vitambaa. Fundi akavishusha sakafuni, akaketi.

Mchezo ukafunguka. Kitinda alijenga. Fundi akatazama, safari hii, vidole vile vikikimbia: ghala kabla ya ukuta, kisima kabla ya kambi, njia ya nyuma ambayo yeye hakuwahi kujiuliza ilitoka wapi kila alipoihitaji. Mbali, ng'ambo ya mto, vumbi la adui likanyanyuka.

Kitinda akatoa vidole kwenye kibodi. Hakugeuza uso. Midomo yake haikucheza.

Fundi akakivuta kipanya karibu, akaweka mkono juu yake. Kwenye kisanduku kidogo pembeni mwa kioo ukaingia mkono wa mtu, na kifuko cha pini kimefungwa kwenye kifundo, na uzi mweupe uking'ang'ania mkononi.

*Mkono wa nani huo?* mtu aliandika. Na mwingine. Na mwingine.

Adui walikuwa wamefika darajani. Fundi hakuuondoa mkono, wala hakuusogeza. Alikuwa anasubiri aambiwe yale maneno mawili.