Kiti cha Dereva

Mke mwenza wake alikuwa Mwitaliano: milango minne, ngozi ya rangi ya damu ya mzee, na injini ya mbio inayokoroma kwa madaha. Ndivyo mshona viti alivyolitania lile gari, na mumewe makenika alikuwa akicheka mpaka spana inamdondoka. Mume alilikuta limetupwa uani kwa watu, kuku wanatagia kwenye buti. Akalikokota hadi karakana yao, akalihangaikia miaka na miaka. Injini yeye, mbao za dashibodi yeye, rangi yeye. Viti akamwachia mkewe, maana kila mtu na kazi yake: yeye upande wa grisi, mkewe upande wa cherehani.

Sasa makenika ameshazikwa, na gari limesimama mbele ya karakana, limeoshwa likang'aa, na kibao kwenye kioo: LINAUZWA.

Si shida iliyomfanya mjane auze. Marehemu mwenyewe alimwambia, kabla ulimi haujawa mzito: "Gari lisiloendeshwa linaoza. Usije ukalifanya kaburi langu. Mpe mtu atakayeliendesha." Akaitikia, na ahadi ni deni. Walikuja waliotaka kuliegesha kama pambo, akawarudisha walikotoka. Huyu wa leo alikuwa tofauti. Kabla ya kuuliza bei aliomba liwashwe, akafumba macho akasikiliza.

"Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza," alisema shemeji, mdogo wake marehemu, huku yeye mwenyewe akilizunguka gari na kulinadi kama muuza mitumba.

Mnunuzi akaliingiza barabarani, shemeji pembeni yake. Walirudi mnunuzi akitabasamu, lakini mkono kiunoni.

"Mama, sina neno. Gari kama hili nimelitamani tangu utotoni. Ila kiti cha dereva kimekwenda upande. Mzunguko mdogo tu, kiuno chote kinauma."

"Sponji zimechoka hizo," shemeji akadakia. "Gari la zamani, unajua tena."

Mjane alijua vingine. Sponji hazikuchoka hata kidogo. Alizikata yeye namna ile. Mwaka ambao jeki iliteleza na gari la mteja likamwangukia mumewe nyongani, alipona, lakini akabaki anakaa upande kama mtu anayetega sikio mlangoni. Hakuna kiti kilichompa raha. Ndipo mkewe akamkalisha kwenye fremu tupu, akampima kwa viganja, akaongeza sponji kushoto, akapunguza kulia, akafumua, akashona upya, mpaka siku mzee aliposhusha pumzi akasema, "Hapa hapa, mke wangu." Nguo zake zimeshagawiwa, viatu anavivaa shemeji. Umbo la mwili wake limebaki pale tu.

"Nalichukua leo leo mkininyooshea kiti," alisema mnunuzi. "Mnamjua fundi yeyote?"

Shemeji, mtu wa maneno mengi kuliko redio, akamgeukia mjane.

Mjane angeweza kukataa. Neno "haliuzwi" lilikuwa limeshafika midomoni. Angelifunika turubai, kila jioni angeingia kukaa humo, na hapo lingekuwa kaburi hasa, lile alilokatazwa.

"Fundi ni mimi," alisema. "Subiri hapo kwenye benchi, mwanangu."

"Pole, mama. Sikujua ni kazi ya mkono wako. Sikusudii kuitia kasoro."

"Haina kasoro. Ilikuwa ya mtu mwingine."

Shemeji akafungua bolti, akamwekea kiti mezani. Mjane akakata nyuzi moja moja; alikuwa amezikaza vizuri mno, akailaani mikono yake. Alipoivua ngozi, aliliona bonde ambalo nyonga ya mumewe ililichimba kwenye sponji. Akalaza kiganja humo, kikaenea. Siku ya mazishi alilia na watu, wakimshika huku na huku. Leo alilia peke yake, mkasi mkononi, wala hakujificha. Kisha akaibandua ile sponji, akaiweka kando kwa uangalifu, akakata mpya, sawa kushoto, sawa kulia, akashona.

"Naam! Hapa mtu anakaa," alisema mnunuzi, akijinyoosha.

"Atakaa yeyote," alijibu mjane. "Liendeshe. Usilionee huruma."

Gari likakunja kona, mngurumo ukafifia, ukaisha. Mjane akarudi ndani haraka, karibu kukimbia, akaishika ile sponji na kulaza kiganja palepale. Hapakuwa na bonde. Ngozi ndiyo iliyokuwa ikilibana. Ilipovuliwa, sponji ilivuta pumzi polepole, ikajaa, ikasahau. Akaigeuza upande wa pili, akaigeuza tena, akapapasa.

Shemeji akachungulia mlangoni. "Umeshika nini, shemeji?"

"Sponji," alisema. "Sponji tu."