Kiwiko

Kiwandani walimwita Mama Chipu, na jina alilipenda. Kazi yake ilikuwa kuosha visahani vya silikoni, vile vinavyotengenezewa chipu za simu. Maji yakizidi moto kidogo tu, kisahani kinapata ufa na kazi ya mwezi mzima imekwenda na maji.

Dawa yake aliipatia bafuni, akimwogesha binti yake. Alichovya kiwiko kupima joto, kama mama yeyote, akajiuliza: kwa nini mashine nayo isiguse maji kidogo kabla ya kuzamisha kisahani? Akamwita mumewe, mhandisi wa kiwanda shindani, akamweleza povu likimchuruzika mikononi. Kifaa chenyewe akakiita kiwiko. Walicheka mpaka mtoto naye akacheka. Kazini alikiandika kwa jina la heshima, kipima joto cha awali. Kiwiko likabaki neno la bafuni.

Sasa wakili wa kiwanda akamwita. Wenzao wa kiwanda shindani wamewatangulia kuomba hataza, hati ya haki ya uvumbuzi, ya kipima joto kile, na atakayeipata ndiye mwenye njia hiyo. Mwingine haruhusiwi kuigusa.

“Wametuiga, ila tutathibitisha vipi?” wakili alilalamika. “Na majina yao ya ajabu. Eti kiwiko.”

Mama Chipu akamwomba arudie hilo neno, kisha akaaga.

Nyumbani alimkuta mumewe bafuni, anamwogesha mtoto.

“Mume wangu, kiwiko kimefikaje kwenu?”

Hakujifanya hajui. “Nilikuwa nakusifia tu, mke wangu. Tunakula mchana, nikawaambia nina mke ana akili si mchezo. Bosi akasikia.”

“Na mvumbuzi kaandikwa nani?”

Akayatazama maji. “Mimi.”

“Ukasaini.”

“Nikasaini. Wakanipandisha cheo, nikajiona na mimi nimo.”

Hapo ndipo penye uchungu, jamani. Angekuwa mwizi tangu mwanzo, angemtukana yakaisha. Huyu alianza kwa kumsifu, na alimpenda, hata sasa alimpenda.

“Wakili atauliza nani mwingine alilijua hilo neno.”

“Utasema?”

“Tulikuwa watatu humu ndani, na mmoja hajaanza kuongea. Nitasema.”

Mume akanyoosha mkono aongeze maji ya moto. Mke akamzuia, akachovya kiwiko mwenyewe.

“Yamepoa,” akasema.

Akamtoa mtoto, akamfunga taulo, akaenda naye chumbani na kufunga mlango. Machozi yakamdondokea mtoto usoni, naye akacheka, akidhani bado anaogeshwa.