Mkwaruzo Kwenye Sahani

Kwa maneno ya Mama Redio, jirani wa mlango wa pili, jicho la Shangazi lilipona kabla maji ya chai hayajachemka. Shangazi alimjia, Mama Redio alisimulia, jicho jekundu kama pilipili, machozi yanachuruzika kama bomba bovu. "Nikamwekea matone mawili tu. Nageuka kuangalia birika, nageuka tena, mtu anacheka."

Juzi, alipokuwa akisimulia dukani, uponyaji ule ulichukua nusu siku.

Mpwa wa Shangazi, aliyepewa jina la Bi Taratibu kwa kuwa hata soksi huzivaa kwa mawazo, alijua kwamba nusu ya habari hiyo ni kweli. Shangazi alikuwa anashona zipu ya suruali nzito, sindano ya cherehani ikakatika, kipande kikamrukia jichoni. Kipande kilitoka kwa kunawa. Maumivu yakabaki, na Mama Redio akaleta chupa ya matone aliyoandikiwa mumewe zamani kwa ajili ya mzio.

Nusu nyingine ilimkaa Bi Taratibu kifuani. Shangazi hakuwa mtu wa kudanganyika na dawa za majirani. Aliikubali ile chupa kwa sababu ya maneno ya mpwa wake mwenyewe.

Bi Taratibu alikuwa mwosha vyombo katika maabara ya hospitali ya macho. Humo mtafiti mmoja, mwanamke asiyeringia elimu yake, alikuza chembe hai kutoka kwenye macho waliyoyaacha marehemu kwa hiari yao. Aliziweka katika visahani vya plastiki, ndani ya kabati lenye joto kama la mwili. Siku ile ile sindano ilipokatika, alimwita Bi Taratibu achungulie kwenye hadubini. Kisahani cha kwanza hakikuwa na dawa: chembe zilisukumana kama wagonjwa kwenye dirisha la kadi la hospitali. Cha pili kilitiwa steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe na wekundu: chembe zilikuwa zimetulia, kila moja na nafasi yake.

Aliporudi nyumbani jioni, akamkuta Shangazi jicho bado linamuuma, alisema, "Zenye dawa ndizo nzuri, Shangazi. Zimelala kama watoto walioshiba." Mama Redio alikuwepo, amekaa kwenye kigoda. Aliuliza jina la dawa, akaenda kwake, akarudi na chupa, wakalinganisha herufi moja baada ya nyingine. Zikalingana.

Sasa ilikuwa siku ya nne ya matone, na asubuhi hiyo mtafiti alimwita tena. Jana yake alikuwa amezikwaruza chembe za vile visahani viwili kwa ncha ya plastiki, mstari mmoja katikati ya kila kimoja. Bi Taratibu aliinama akatazama kwa muda mrefu. Katika kisahani kisicho na dawa, chembe zilikuwa zimetambaa kutoka pande zote mbili zikakutana. Katika kile kingine mkwaruzo ulikuwa wazi vilevile, kama njia iliyofyekwa jana.

"Si hizi ndizo zilikuwa zimetulia?"

"Zimetulia, ndiyo. Zimetulia mpaka hazijengi."

"Na jicho la mtu likikwaruzwa, halafu likatiwa hii?"

Mtafiti aliinua kichwa. "Hiki ni kisahani, si mtu. Dawa hii inaokoa macho mengi, kama daktari ameangalia kwanza. Lakini kwenye mkwaruzo, wekundu unaondoka, maumivu yanapoa, na mlango umebaki wazi kwa vijidudu. Mwenye jicho anadhani amepona." Akaweka kalamu chini. "Ni nani?"

"Shangazi yangu."

"Aje leo. Si kesho."

Aliomba ruhusa, akavua aproni, akatembea kwa haraka ambayo mtaa mzima haukuwahi kuiona kwake.

Shangazi alikuwa kwenye cherehani, Mama Redio ubavuni pake. Bi Taratibu alieleza yote, polepole, bila kuruka kitu.

"Haya, mwosha chupa siku hizi anatibu," Mama Redio alisema.

"Sitibu, mama. Naomba akaonwe na wanaotibu."

"Jicho haliniumi," Shangazi alisema. "Nikamwambie nini daktari, kwamba siumwi? Na wewe ndiye uliyesema zimelala vizuri."

"Nilisema. Nilitazama mara moja tu, nikaja kusema."

Shangazi aliinamia cherehani. Alichukua uzi autunge, na Bi Taratibu akaona anavyopinda shingo ili jicho la upande wa pili lifike kwenye tundu.

"Funga hilo zima, Shangazi. Tunga kwa hili."

"Una vituko, mtoto." Lakini akalifunga. Uzi ukapita kando ya sindano. Akaulowesha kwa mate, akajaribu tena, ukapita kando. Mama Redio akaacha kucheka.

Bi Taratibu alisogea, akamgeuza uso kuelekea dirishani. Weupe wa jicho ulikuwa safi kama shuka jipya. Ila juu ya mboni palikuwa na doa la kijivu, dogo kuliko punje ya mtama.

"Ni kama nimevaa miwani yenye mvuke," Shangazi alisema kwa sauti ya chini. "Tangu jana. Nilidhani ni dawa inafanya kazi."

"Vaa viatu, Shangazi. Twende sasa hivi, dirisha la kadi halijafungwa."

Shangazi aliuzungusha uzi kidoleni, akauzungusha tena, akitazama suruali iliyolala chini ya mguu wa cherehani, zipu ikiwa nusu, kisha akainama kuvuta viatu vyake.