Thelathini za Bi Verna

Ligi yetu ina sheria kumi na nne, na zote nimeziandika mimi, kwa hiyo mtu asije akanifundisha. Jina langu Russ Hladky, fundi wa mapaa hapa Marlow, Ohio, na ndimi kamishna tangu tulipoianzisha miaka ishirini na moja iliyopita. Ligi yenyewe ni ya kubuni. Tuko watu kumi na wawili. Kila mmoja anachagua wachezaji wa kweli wa besiboli kabla ya msimu kuanza, na wanachokifanya uwanjani kwa miezi sita ndicho kinachompa pointi. Mpira wenyewe hatuugusi. Magoti yetu hayaruhusu.

Sheria ya tano inasema atakayekuwa wa mwisho miaka miwili mfululizo anatoka, na kiti chake anapewa aliye juu kwenye orodha ya wanaosubiri. Sheria ya sita ndiyo inayotufanya tuonekane wehu. Kila Machi, kabla ya kuchagua, kila mtu anasimama na kutoa utabiri mmoja wa kuthubutu. Watu wasipocheka, utabiri unakataliwa, maana hauna uthubutu wowote. Wakicheka, yule mchezaji uliyemtaja ni wako, anahesabiwa kuwa chaguo lako la kwanza, unambeba msimu mzima, humwachi hata akivunjika miguu yote miwili. Na utabiri ukitimia hutolewi, hata ukiburura mkia.

Mwaka uliotangulia kisa hiki aliyeburura mkia alikuwa Bi Verna Tillotson. Ana miaka sitini na tisa, na kwa miaka thelathini kazi yake ilikuwa kupima maziwa kwenye kiwanda cha jibini. Nitasema ukweli: nilitaka atoke. Aliyekuwa juu kwenye orodha ya kusubiri alikuwa Curt, mume wa dada yangu, na kwa miaka minne sikuwahi kula chakula cha Jumapili kwa dada bila kuulizwa kiti cha Curt kimefikia wapi.

Basi tukakutana Jumamosi ya Machi karakanani kwangu, kama kawaida, sufuria la maharage na nyama ya pilipili likitokota juu ya meza ya kupigia misumari. Duane Kessler, muuza vipuri vya matrekta, mtu mwenye mdomo mkubwa kuliko duka lake, akaanza.

"Natabiri Hladky atachagua warushaji wabovu tena."

"Huo si utabiri, hiyo ni taarifa ya habari," mtu akamjibu.

Nikaukataa. Wengine wakafuata, wakachekwa kidogo kidogo, nami nikaandika. Mwisho akasimama Bi Verna, kalamu ya risasi nyuma ya sikio.

"Elpidio Marrero," akasema. "Mwaka huu atauvusha mpira ukuta mara thelathini."

Duane ilibidi aweke bakuli chini asije akajimwagia. Marrero tulimjua wote. Ni mdakaji, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji, na maisha yake mengi yalipitia hapa hapa Marlow kwenye timu yetu ndogo, akiitwa ligi kuu na kurudishwa, akiitwa na kurudishwa. Kwa miaka mitano ya kwenda na kurudi alikuwa amevusha ukuta mara tisa.

"Tisa, mama yangu," Duane alisema akijifuta machozi. "Tisa. Labda umhesabie na zile anazopiga ndotoni."

"Curt keshanunua mto wa kukalia," mwingine akadakia.

"Wamecheka," nikasema. "Utabiri umekubaliwa."

Walipoondoka, Bi Verna alibaki kunisaidia kuosha mabakuli. Nikamuuliza, kwa nini mtu mwenye akili zake ajipalie makaa hivi. Akakausha mikono, akatoa daftari kwenye mkoba. Alikuwa ameangalia kila mechi ya timu yetu ndogo kwa miaka miwili, kiti kile kile, na kila mpira aliopiga Marrero aliuwekea nukta mahali ulipoangukia. Upande wa kushoto, pale ukutani, nukta zilikuwa zimesongamana mpaka karatasi imekuwa nyeusi.

"Zote hizi zilidakwa," alisema. "Na aliyezidaka kila mara mgongo wake uko ukutani. Ukuta wetu uko mbali, Russ, na upepo wetu unampiga mpigaji usoni. Sasa wamemuuza kwenye mji wa joto, ukuta uko karibu. Yule mtu hana haja ya kubadilika. Alihitaji kuhama tu."

Nikamwambia ni kazi nzuri ya kalamu. Sikuamini hata kidogo.

"Usimpe Curt kiti changu kabla sijainuka," akasema akivaa koti. "Simu yangu ikilia nyumbani, ni mmoja wenu ananitukania timu. Hakuna mwingine anayepiga."

Alilisema hilo bila kuomba chochote. Nililisikia, kisha nikajilazimisha kulisahau.

Aprili Marrero akavusha mara nne. Duane akasema hiyo ni bahati ya mwanzo, inamkuta kila mtu. Mei ikaisha akiwa na kumi na moja, na Duane akaacha kusema.

Juni, Jumamosi mchana, nilikwenda kumzibia Bi Verna paa la baraza lililokuwa linavuja. Dirisha lilikuwa wazi, televisheni inaonyesha mechi ya Marrero, naye amekaa mbele yake na daftari. Nikiwa juu ya ngazi nikamsikia anazungumza, nikadhani anaongea na simu.

"Huu atauacha," alisema. Marrero akauacha upite. "Na huu pia." Akauacha. Kisha akainua sauti kidogo. "Teremka uone, Russ. Mguu wake wa kushoto umefunguka. Unaokuja unakwenda."

Nikashuka, nikasimama mlangoni na nyundo mkononi. Mrushaji akarusha, Marrero akazungusha gongo, na ule mpira ukaondoka. Mchezaji wa upande ule hakusogea hata hatua moja, alisimama tu akiutazama ukipita juu yake. Bi Verna akaweka nukta ndogo nje ya mstari wa ukuta na kunywa chai yake.

Nimepanda mapaa miaka thelathini na urefu haujawahi kunitisha. Pale mlangoni niliushika mwimo kama mtu anayeteleza. Huyu mama aliyekuwa akikaa kwenye kona ya karakana yangu mwaka wa saba sasa, akipitishiwa chumvi na kutaniwa, alikuwa anaona jambo kabla halijatokea. Alikuwa haoti ndoto, wala haagui. Alikuwa ametazama tu, kwa uangalifu ambao mimi sijawahi kumpa kitu chochote, hata mke wangu. Nikaona haya.

Kuanzia hapo habari ikatoka kwenye mikono yetu. Agosti Marrero alikuwa na ishirini na nne alipopigwa na mpira kidoleni, akakaa nje majuma matatu. Duane alinipigia simu mchana wa kazi kuniuliza kidole kinaendeleaje, kana kwamba mimi ndiye daktari. Kwenye duka la mbao, watu wasiokuwa hata kwenye ligi wakawa wananisimamisha.

"Kidole vipi, Kamishna?"

"Kinakunjika."

"Mungu mkubwa."

Lakini jedwali halina huruma. Bi Verna alikuwa ametumia chaguo lake la kwanza kwa mdakaji, jambo ambalo hata mlevi halifanyi, na wachezaji wake wengine walikuwa hohehahe. Alikuwa wa kumi na mbili na hakuna hesabu ya kumpandisha. Kilichobaki kumwokoa ni thelathini. Marrero akarudi Septemba, akavusha moja, akavusha nyingine mbili kwa juma moja, kisha mbili tena. Siku ya mwisho ya msimu ikaamka akiwa na ishirini na tisa.

Jumapili hiyo mchana karakana ilijaa. Walikuja wote kumi na wawili, na Curt naye, amevaa shati jipya kwa amri ya dada yangu. Hakuna aliyegusa soseji. Mara ya kwanza Marrero akakosa. Mara ya pili akapewa nafasi ya kutembea bure mpaka kituo cha kwanza, bila kupiga. Mara ya tatu aliupiga mpira mpaka nje kabisa, lakini ukapita upande usiofaa wa nguzo ya mpaka, kwa umbali kama upana wa mlango, haukuhesabiwa, na Duane akaketi chini sakafuni.

Ngwe ya tisa, ya mwisho, ikamkuta tena zamu yake. Timu zimefungana, na atakayeshinda ndiye anayeendelea kwenye mtoano. Mwenzake Marrero alikuwa amefika kituo cha tatu, kimebaki kituo kimoja tu aingie nyumbani na bao la ushindi. Sisi tukasimama sote. Watu waliocheka Machi mpaka wakalia walikuwa wamefumbata mikono.

"Piga, ndugu yangu," Duane alikuwa akinong'ona. "Piga mbali, mama asiondoke."

Bi Verna peke yake alikuwa amekaa. Alisogeza uso kwenye skrini, akatazama, kisha akaweka kalamu chini.

"Ataugusa," akasema.

"Ataugusa nini?" nikamuuliza.

"Mpira. Hazungushi gongo. Anaugusa tu ulale miguuni pake, mwenzake akimbie nyumbani. Angalieni mkono wa juu, umeanza kupanda kwenye gongo."

"Bi Verna, ana ishirini na tisa," Curt akasema kwa upole, kama anayemkumbusha mgonjwa.

"Naye anajua."

Mrushaji akarusha. Walinzi wote wamesimama nyuma kabisa, wanamngojea mtu wa kuvusha ukuta. Marrero akainamisha gongo, mpira ukalala kwenye majani ukabingirika hatua nne, na mwenzake akaingia nyumbani kwa tumbo, vumbi tupu. Mechi imekwisha. Wakamrundikia Marrero pale pale, huwezi kumwona.

Kisha nikasikia makofi ya mtu mmoja. Alikuwa Bi Verna, amesimama sasa, uso unang'aa.

"Safi kabisa," alisema. "Mmeona? Hakuna hata mmoja aliyelitarajia."

Sijui nilieleze vipi. Mama huyu alikuwa amesoma kutolewa kwake mwenyewe kwenye mkono wa mtu aliyeko maili mia nane kutoka hapa, akalitangaza jambo kabla halijatokea, na alikuwa anafurahi kwa sababu lilifanywa vizuri. Nimekwenda kanisani maisha yangu yote, na sijawahi kuinamisha kichwa kama nilivyoinamisha pale mbele ya televisheni.

"Soma, Kamishna," akaniambia. "Sheria ni sheria."

Nikasoma. Verna Tillotson, wa kumi na mbili, mara ya pili. Utabiri ishirini na tisa, haukutimia. Nikapiga mstari juu ya jina lake, mstari uliopinda. Yeye akachukua koti lake msumarini.

"Nani anafuata?" Curt akauliza.

"Wewe, shemeji."

"Nifute."

"Curt, umesubiri miaka minne."

"Nifute, Russ. Nikikaa pale mtaniangalia mwaka mzima mkimwona yeye. Kwa dada yako nitajieleza mwenyewe."

Nikamfuta. "Orodha imekwisha," nikasema.

Duane akanipokonya kalamu. Akaiinamia ile karatasi, akaandika kitu kwa herufi zake za mtoto wa chekechea, akanisukumia. Chini ya jina la Curt lililofutwa palikuwa na jina moja: Verna Tillotson.

"Kuna sheria inayokataza?" akauliza.

Watu wote wakanikodolea macho. Nazijua zile sheria kwa moyo, lakini nilifungua daftari nikazisoma zote kumi na nne, polepole, maana nilihitaji muda macho yakauke.

"Hakuna," nikasema.

Bi Verna alikuwa mlangoni, mkono mmoja ndani ya koti. Kwetu mgeni hapewi kiti kabla kamishna hajamuuliza swali, na kila mtu hulijibu kwa tambo. Duane mwenyewe siku yake alisema amekuja kutuvua suruali. Nikaliuliza kama lilivyoandikwa.

"Mwanachama mpya, unataka nini kwetu?"

Alifungua mdomo, nikaona utani unakuja. Kisha ukampotea.

"Sitaki kuangalia peke yangu," akasema.

Duane akamvutia kiti, nami nikaliandika jina lake kwenye mstari wa kumi na mbili.