Mizega ya Wasiwasi

Kitwana alikuwa amekwisha kufika kwenye pembe ya nyumba ya Bi Biubwa alipogeuka, mara ya tatu, kwenda kutazama kama kisima kimefunikwa.

Kimefunikwa. Mbao za mvule, na jiwe juu yake, vile vile alivyoliacha. Aligusa hata hivyo, moyo ukimpiga kama mchi kinuni. Miaka kumi na minne akiteka maji ya msikiti, hakuna aliyetumbukia humo, si mtoto si kuku. Lakini nenda ukauambie moyo. Kila akipiga hatua ishirini humwona mtoto kisimani, kichwa chini miguu juu, na hapo hana budi kurudi.

Aliamini mji mzima ni yeye peke yake mwenye wasiwasi wa namna hiyo. Mkewe Zaina alimwandikishia kombe la aya za Kurani akanywa, akamfukiza ubani mpaka paka akahama, na hali ikawa ile ile. Basi siku ile, mwaka wa pili tangu vita vya Hitla kwisha, aliamua kuiacha kazi. Ilimlisha, na kwayo watu walimwita Kitwana wa Maji kwa heshima, ila sasa ilikuwa inamla yeye.

Kabla hajafumbua kinywa, Bwana Mwishehe, msimamizi wa msikiti, alimwahi uani mwa msikiti.

"Shikamoo, bwana."

"Marahaba. Kitwana, birika la kutawadhia limekauka tena, na alasiri bado. Unaleta mizega ishirini kweli, au unaniletea maneno?"

"Ishirini kamili, bwana. Wallahi."

"Basi maji yanakwenda wapi? Ijumaa nipate jibu, la sivyo nitatafuta mtu mwingine."

Angemjibu, "Tafuta." Neno lilikuwa ulimini. Lakini kuondoka ni kimoja, na kuondoka umeitwa mwongo ni kingine. Akatia mti wa mzega begani, debe huku na debe huku, akajaza birika upya. Kisha akakaa nyuma ya ukuta mfupi kuwatazama watu wakitawadha.

Sunna ni kuosha kila kiungo mara tatu. Mzee Mbaruku alifika ya saba kwa mguu wa kushoto peke yake, akaondoka, akarudi. Salumu, fundi cherehani, alimaliza, akajiuliza kwa sauti, "Nimepaka kichwa?" akaanza upya. Bwanausi muuza kahawa, mcheshi wa mji, alitazama huku na huku asionekane, halafu akateka kata ya kumi. Kisha akateka nyingine. Kitwana aliijua hofu ile. Alikuwa nayo mwenyewe.

Walikuja watu kumi na saba. Tisa walirudia. Na huo ni msikiti mmoja. Bagamoyo iko mingapi, na Tanganyika nzima je?

Wa mwisho alikuwa Bwana Mwishehe mwenyewe. Kata ikapanda, ikashuka, ikapanda, mpaka ikakwaruza sakafu ya birika. Machozi yalikuwa yanamlenga.

Kitwana akajitokeza. Angecheka, ilikuwa haki yake.

"Bwana, yametosha," akasema taratibu. "Nimeona kwa macho yangu. Ni mara tatu na zaidi."

Bwana Mwishehe akabaki na mguu juu. "Mwaka wa nane huu," akasema. "Nikisimama kusali naona kisigino hakikupata maji. Nilidhani ni mimi tu."

"Hata mimi, bwana." Na Kitwana akamweleza habari ya kisima, yote, mpaka yule mtoto na miguu yake. Zaina mwenyewe alijua nusu tu.

Bwana Mwishehe hakucheka. "Twende," akasema. Wakaenda kisimani wote wawili. Akaliinamia lile jiwe, akalitikisa. "Nimekiona. Kimefunikwa."

Kitwana akashukuru; lile neno la kuiacha kazi hakulitoa.

Tangu siku hiyo akawa anasimama kando ya birika wakati wa sala, akimnong'oneza huyu na yule, "Yametosha." Hakuna aliyemwuliza amejuaje. Ijumaa maji yalitosha mpaka alasiri, yakabaki.

Jioni ile alifunika kisima, akashika njia ya nyumbani. Hatua ya ishirini mguu ukasita, kama kawaida yake. Moyo ukaanza.

"Kimefunikwa, Kitwana," sauti ikasema nyuma yake, kutoka mlangoni pa msikiti.

"Ahsante, bwana," akajibu bila kugeuka, akapiga hatua ya ishirini na moja.